Subaru Yako ya Turbo Imezeeka? Irudishie Kwanza Kilicho Chake

Huu ni mwaka wa sita niko na Impreza WRX, ile ya taa za duara iliyoanza kutoka Japani mwaka 2000. Katika miaka hiyo nimeua injini moja, nimenusurika mteremko wa Kitonga, na nimelipa faini za tochi, zile kamera za kasi za trafiki, ambazo mke wangu hajui idadi yake. Ndiyo maana vijana hunitumia ujumbe: "Kaka, nimepata WRX, nianze na nini? Turbo kubwa au ekzosi?" Jibu langu huwaudhi. Anza na kijiti cha kupimia oili.

Siwatanii. Gari hili la soko la Japani lilitoka kiwandani na nguvu za farasi 250 kwa injini ya lita 2 tu, kwa msaada wa turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi. Leo lina zaidi ya miaka ishirini, limepita mikono ya watu usiowajua, na nguvu zile zimevuja njiani moja moja. Langu nililinunua nikidhani liko sawa kwa sababu lilikuwa linakimbia kuliko Toyota IST niliyoiuza. Baada ya miezi miwili fundi wangu akaniambia, "Bosi, hili gari linapumua kwa pua moja." Akatafuta kipande cha bomba la plastiki, akaziba mdomo wa hewa inayoingia kwenye turbo, akaingiza upepo kidogo wa kompresa, kisha akapaka maji ya sabuni kwenye mipira yote ya hewa kwa brashi ya rangi. Povu likatoka sehemu tatu. Moja ilikuwa chini ya klipu iliyoonekana imekazwa vizuri kabisa.

Tukabadilisha mipira ile, plagi nne, chujio la mafuta na sensa ya oksijeni. Hatukuongeza kitu chochote kipya. Nilipokanyaga mafuta siku hiyo kutoka Tegeta, nilisukumwa nyuma kwenye kiti hadi nikacheka peke yangu. Bili yote haikufika nusu ya bei ya ekzosi niliyokuwa nimeipania.

Kuhusu taimingi belti, ule mkanda unaopatanisha mwendo wa valvu na pistoni, sina mjadala. Usiamini kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi ya gari la mtumba. Mafundi wa Japani wakibadilisha belti hubandika stika ndani ya boneti yenye tarehe na kilomita. Kama huioni, hesabu kwamba haijawahi kubadilishwa. Belti ikikatika kwenye injini hii, valvu zinakutana na pistoni, na hapo umenunua injini nyingine. Na pampu ya maji inazungushwa na belti hiyo hiyo, kwa hiyo badilisha vyote pamoja: belti, tenshena, puli zake na pampu. Anayekuambia "pampu bado nzima, tuiache" atakufungulia injini mara ya pili kwa hela yako.

Kuna tabia nyingine ya gereji zetu za Dar ambayo nimegombana nayo sana: kutoa thamostati, kile kifaa kinachozuia maji yasipite kwenye rejeta hadi injini ipate joto. "Huku kwetu joto, ya nini?" Matokeo yake injini haifikii joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi ya baridi, inaendelea kumwaga mafuta, na wewe unalalamika gari linakunywa. Weka thamostati nzima, weka kulanti badala ya maji ya bomba, na rejeta ikiwa imeziba ibadilishe.

Sasa nije kwenye injini niliyoiua.

Nilikuwa nimefunga kile kiskurubu cha kuongezea presha ya turbo. Kinauzwa bei ya chakula cha mchana, unakikatia kwenye mpira mmoja, unakaza kidogo, gari linaruka. Fundi wangu wa kawaida alikataa kukifunga, nikaenda kwa mwingine. Nilichokuwa sijui ni kwamba kompyuta ya gari hili iliandikwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kiwango chao haishuki oktani 96 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili presha bila kulipuka mapema). Ukiongeza presha bila kuandika upya programu, na mafuta yenyewe hayafiki daraja hilo, mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Ni kama kumpiga mtu nyundo anaponyanyuka. Kosa la pili ni la uvivu mtupu: sikuwa nimepima oili kwa zaidi ya mwezi.

Nilikuwa nimepita Chalinze naelekea Morogoro niliposikia mlio. Mdogo tu, kama mtu anagonga kijiko kwenye sufuria chumba cha pili. Nikaongeza sauti ya redio. Ndiyo, niliongeza sauti ya redio. Kilomita kama ishirini mbele kijiko kikawa nyundo, taa ya oili ikawaka, nikaegesha chini ya mti na kuanza kutafuta gari la kuvuta. Tulipofungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili ilikuwa inameremeta vumbi la rangi ya shaba, laini kama zile pambo za rangi ya kucha. Hizo zilikuwa beringi za konrodi, ile mikono inayoshika pistoni. Injini imenoki. Nilizunguka maduka ya spea ya Gerezani wiki tatu kutafuta nyingine ya mtumba, na niliyoipata nayo niliifungua yote kabla ya kuifunga, maana woga ulikuwa umeshaniingia.

Tangu hapo ninapima oili kila baada ya kujaza tenki mara mbili, gari likiwa limesimama sehemu tambarare na limepoa. Ninamwaga kila kilomita 5,000, haijalishi kopo linasema nini. Turbo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na kinachoitenganisha na kifo ni utando mwembamba wa oili. Nikitoka kwenye mwendo mkali naliacha gari lingurume dakika moja kabla ya kuzima. Na ukisikia mlio usioujua, zima redio, kisha zima injini.

Mambo mengine ya kufunga nitayapitia haraka. Ile valvu inayopumulia nje na kutoa "pshuuu": gari hili linapima hewa mwanzoni kabisa, kabla haijaingia kwenye turbo, kwa hiyo hewa unayoitupa nje ilishahesabiwa na mafuta yake yameshamwagwa. Unapata mlio na moshi mweusi, na wakati mwingine linazimika kwenye taa za barabarani. Chujio la wazi la hewa chini ya boneti linavuta joto la injini na vumbi letu. Boksi la kiwandani lina akili kuliko wewe na mimi. Kuandika upya programu ni jambo zuri, ila mpe mtu anayepima mchanganyiko wa hewa na mafuta gari likiwa linakimbia, siyo anayekutumia faili kwa simu.

Ukiniuliza pesa ya kwanza ya kuboresha iende wapi, nitakupeleka Kitonga.

Nilikuwa narudi kutoka Iringa, mchana, gari limejaa. Ule mteremko unaujua: kona juu ya kona, ukingo upande mmoja, na malori ya shaba ya Zambia yanashuka taratibu kama kinyonga. Mimi niko gia ya nne, nabana breki kila kona, naona gari langu ni la mashindano, lina breki kubwa. Kona ya sita au ya saba pedali ikawa laini. Iliyofuata ikazama karibu na sakafu. Nilipampu mara mbili, nikashusha gia ya tatu, kisha ya pili, injini ikalia, nikavuta na hendibreki kidogo kidogo. Nililikaribia lori lililokuwa mbele hadi nikasoma maandishi ya kofia ya tenki lake. Nilipofika Ruaha Mbuyuni nikasimama kwa wauza vitunguu, miguu inatetemeka. Kijana mwenye beseni la vitunguu akainama kuangalia gurudumu. "Bosi, tairi lako linafuka moshi."

Pedi zilikuwa mpya. Tatizo lilikuwa mafuta ya breki ambayo sikuwahi kuyabadilisha tangu ninunue gari. Mafuta yale hunyonya unyevu kutoka hewani, na hewa ya Dar unaijua ilivyo. Yakishanyonya maji, yakipata joto kali yanachemka, na mvuke haubani breki. Sasa nabadilisha kila baada ya miaka miwili, naweka mafuta ya daraja la DOT 4, na kila mteremko nashuka kwa gia ile ile ambayo ningepandia. Jambo hili kila dereva wa lori analijua. Mimi nilijifunza kwa moshi.

Matairi nayo yaangalie namba nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni. Ikiandikwa 2316, limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la mtumba lenye kashata nene linaweza kuwa limeshakuwa mbao. Gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne hukudanganya, kwa sababu linaondoka vizuri hata kwenye mvua. Kusimama ni habari nyingine. Wakati wa kusimama magurudumu manne unayo sawa na Toyota Passo.

Ndipo naingia kwenye uendeshaji, na hapa sina usafi wa kuhubiri. Magari ya soko la Japani kama hili yamewekewa kizuizi cha kilomita 180 kwa saa, na kila mwezi kuna anayeniuliza kinaondolewaje. Huwa namuuliza anataka kwenda wapi. Kutoka Kimara mpaka Iringa ni kijiji baada ya kijiji, vibao vya 50 vinafuatana, na ndani ya Mikumi tembo hajui kwamba una turbo. Faini za tochi nimelipa nyingi. Kilichonibadilisha hakikuwa faini. Jioni moja karibu na Mlandizi bodaboda alikata barabara mbele yangu akiwa na abiria mwenye mtoto. Aliniona, nina hakika aliniona, tuliangaliana. Alikosea hesabu ya kasi tu, kwa sababu gari dogo jeupe linalokuja kwa mbali hulidhania IST. Nilisimama. Mafuta ya breki yalikuwa mapya.

Nikitaka kulinyoosha gari nalipeleka kwenye siku za mashindano ya wazi, mahali palipofungwa, nikiwa na helmeti. Barabarani nazitumia nguvu zile kwa jambo moja: kulipita lori kwa muda mfupi, nikiwa naona mbele yote, kisha narudi kwenye mwendo wangu.

Ekzosi ile kubwa niliifunga hatimaye, nikakaa nayo miezi minne. Nilirudisha ya kiwandani bila kumwambia mtu. Wiki iliyofuata mama wa nyumba ya jirani, ambaye ana mjukuu mchanga, alinikuta asubuhi nimefungua boneti na kijiti cha oili mkononi.

"Baba, siku hizi unarudi saa ngapi? Mbona sikusikii?"

"Saa zile zile, mama."

Akaangalia gari, akaangalia kijiti. "Basi limepona," akasema, akaenda kununua mkaa.