Kati ya "Lord Cecil" na "Lord David"

SWALI: Kwenye insha yangu ya fasihi ya Kiingereza nimemtaja David Cecil, mwandishi wa wasifu, kama "Lord Cecil". Mwalimu kaikata kwa wino mwekundu. Kosa liko wapi? Na nianze na kitabu chake kipi?

JIBU: Umemtaja mtu mwingine. Ukiandika "Lord Cecil", msomaji wa Uingereza atamfikiria baba yake mdogo, Robert Cecil, mtu wa Shirikisho la Mataifa (League of Nations, lililotangulia Umoja wa Mataifa) aliyepata Nobel ya Amani mwaka 1937. David (1902–1986) alikuwa kitinda mimba wa Markisi (cheo cha kikabaila cha kurithi) wa 4 wa Salisbury. Kwa desturi yao, cheo cha baba humwendea mwana wa kwanza, na hadi mwaka 1999 kiliambatana na kiti cha Bunge la Malodi. Wadogo zake huachiwa neno "Lord" la heshima, linalobandikwa kwenye jina la kwanza. Kwa hiyo andika "Lord David Cecil", halafu "Lord David" au "Cecil" pekee. Mkewe, Rachel MacCarthy, ni "Lady David", si "Lady Rachel". Kwenye orodha ya marejeo weka Cecil, David, cheo kiache.

(Babu yake, Markisi wa 3, ndiye waziri mkuu aliyewapa Wajerumani kisiwa cha Heligoland mwaka 1890 nao wakaiachia Uingereza Zanzibar. Ukoo wenyewe ndio huo.)

Anza na The Stricken Deer (1929), maisha ya mshairi William Cowper. Jina la kitabu limetoka kwenye shairi la Cowper mwenyewe, anapojifananisha na paa aliyechomwa mishale akaliacha kundi. Ndivyo alivyoishi: akiandamwa na maradhi ya akili, akijituliza mjini Olney kwa kufuga sungura watatu, Puss, Tiney na Bess, wote madume licha ya hilo jina la mwisho. Cecil ni hodari hapo, kwa watu wapole wenye maisha ya ndani. Udhaifu wake ni kwamba anasimulia kuliko anavyothibitisha, kwa hiyo tarehe na barua zihakiki kwingine kabla ya kuzinukuu.

Angalia pia usinunue mara mbili: The Young Melbourne (1939) na Lord M (1954), wasifu wa waziri mkuu Lord Melbourne, zimewahi kuunganishwa kuwa Melbourne. Nayo Hardy the Novelist (1943) ni uhakiki wa riwaya za Thomas Hardy, si wasifu, ingawa jina linahadaa.