Ndege Wanasikika, Hawaonekani

SWALI: Mhariri, nililala katika loji moja iliyo ndani ya msitu wa mvua kwa nia ya kutazama ndege. Tangu alfajiri sauti zao zilijaa kila upande, lakini nilichoambulia ni majani yaliyotikisika na vivuli vilivyopita. Nataka kwenda tena mwakani. Je, ninunue darubini inayokuza mara 12 badala ya hii yangu ya mara 8? Na je, ni sawa mwongozaji kucheza sauti za ndege kwenye simu ili kuwaita?

JIBU: Darubini yako usiibadilishe. Katika msitu wa mvua kinachosumbua mara nyingi si umbali bali ni giza, kwa kuwa mwanga wa jua unaofika ardhini, baada ya kuchujwa na miti yenye urefu wa mita 30 na zaidi, huwa takriban asilimia 2 au pungufu. Darubini ya mara 8 yenye kioo cha mbele cha milimita 42 hulipatia jicho duara la mwanga lenye kipenyo cha milimita 5 na ushei, ilhali ya mara 12 yenye kioo hichohicho hutoa milimita 3.5 tu. Isitoshe, mtikisiko wa mkono nao hukuzwa, na eneo unaloliona huwa finyu, hata ukachelewa kumpata ndege asiyetulia tawini.

Fedha hizo zitumie kuchagua loji. Kabla ya kulipia, uliza kama ina mnara au daraja linalofika kwenye vilele vya miti, kwa sababu ndege wengi wa msituni, hondohondo wakiwemo, hula huko juu, na anayewatazama kutoka chini huona matumbo yao tu huku shingo ikimuuma. Uliza pia kama kuna mto au uwazi karibu na vyumba, na kama kuna mkuyu unaozaa wakati huo. Mmoja wenye matunda mabivu unaweza kukupa ndege wengi kuliko matembezi ya asubuhi nzima. Picha za bwawa la kuogelea hazitakusaidia.

Ukishafika, punguza kutembea. Karibu na ikweta jua huchomoza mnamo saa 12 asubuhi mwaka mzima, nawe uwe umekwisha kusimama mahali pako kabla ya hapo, maana saa mbili tatu za mwanzo ndizo zenye pilika. Adhuhuri msitu hunyamaza, na si vibaya ukalala. Ndege wadogo wengi husafiri kwa makundi mchanganyiko: kwa muda mrefu huoni kitu, kisha ghafla aina kadhaa zinapita pamoja, huyu akipekua magome, yule akikagua majani kwa upande wa chini, na baada ya dakika chache wametoweka. Huenda kundi la namna hiyo ndilo lililotikisa majani uliyoyaona. Vilevile, mkikuta msafara wa siafu, chomeka suruali ndani ya soksi, simama kando na ungoje. Kuna ndege wanaoufuata, si kwa kula siafu bali kwa kudaka panzi, mende na buibui wanaokurupushwa, na hata walio waoga hujitokeza hapo.

Kuhusu sauti zilizorekodiwa, tunashauri umwombe mwongozaji asizitumie, hasa msimu wa kutaga. Dume akizisikia hudhani mpinzani ameingia katika eneo lake, akaacha kulisha makinda ili kumtafuta adui asiyekuwepo. Baadhi ya hifadhi zimepiga marufuku zoezi hilo. Mwongozaji anayeujua msitu wake hana haja ya simu.

Lipo pia suala la unyevu, ambalo hukuliuliza. Darubini ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi hufunikwa na ukungu kwa dakika kadhaa, na kuvu huweza kuota ndani ya vioo. Iache barazani palipo pakavu muda mfupi kabla ya kutoka, na usiku iweke kwenye mfuko uliofungwa pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu.