Ukirudi kwenye gemu ukubwani, anza na lori

Mkuu, umesema uliacha gemu enzi za PS2, una laptopu ya mtumba, watoto wanakuchapa mtandaoni, na sasa unataka dunia kubwa ya kuzurura taratibu. Nimepita hapo hapo. Mimi nilirudi kwa gemu ya mpira, dogo mmoja akanipiga saba bila, na kila goli analirudia ili nilione vizuri. Niliifuta usiku ule ule.

Kilichonirudisha ni Euro Truck Simulator 2. Cheka tu. Ni gemu ya mwaka 2012, wametengeneza SCS Software wa Prague, na kazi yako ni kupeleka mizigo Ulaya kwa lori. Unaanza kama deiwaka, unaendesha gari la watu. Ukijichanga unachukua mkopo benki, unanunua la kwako, baadaye gereji na madereva wa kuajiri. Ila hayo ya utajiri mimi niliyaacha njiani.

Utamu wake ni barabara. Ramani imepunguzwa kwa kipimo cha 1:19, kwa hiyo safari ya kilomita mia tisa inakwisha kabla ya saa nzima. Kwangu inatosha: watoto wamelala, nyimbo zangu za taarab nimeziweka kwenye folda ya muziki ya gemu, waipa zinafuta mvua. Dereva akichoka lazima umtafutie pa kulala. Tochi za kupima mwendo zipo huko pia, ukizidisha unakatwa faini papo hapo, na ukisahau kuwasha taa usiku vilevile.

Wiki ya kwanza utateseka na vipilefti. Huko Ulaya bara unashika kulia, kwa hiyo kipilefti unakizunguka kinyume na ulivyozoea. Niligonga gari dogo mara tatu kwenye kimoja tu. Halafu siku moja nikapata mzigo wa Uingereza, nikapanda feri Calais, nikashuka Dover. Kushoto! Nililegea kabisa kwenye kiti, kama nimetoka Chalinze naitafuta Morogoro. Ukifika huko badilisha kabini iwe ya usukani wa kulia.

Kitu cha kujifunza kwa subira ni kuegesha tela. Unapiga rivasi, unataka nyuma iende kushoto, unakata usukani kulia. Kidogo tu. Ukizidisha tela linajikunja na unaanza upya. Gemu inakuruhusu kuruka hatua hiyo, ila usiruke. Usiku mmoja nilihangaika dakika ishirini kwenye ua wa ghala, nasogea mbele, narudi, na lilipokaa kwenye mistari nilifurahi kuliko goli lolote la PS2.

Ramani ya mwanzo inabeba Ujerumani, Uingereza na majirani zao kadhaa. Maeneo mengine yanauzwa kando, usinunue yote kwa pupa, subiri punguzo. Ukichukua moja tu, chukua Scandinavia ya 2015, uende Bergen bila haraka. Ukishapakua, unaweza kucheza bila intaneti, bando lako linapona.

Watakuambia ucheze Red Dead Redemption 2, gemu ya kuzurura na farasi Marekani ya zamani. Ni nzuri mno, unampiga farasi brashi, unakaa ziwani unavua samaki, hakuna anayekukimbiza. Lakini kwenye kompyuta inataka nafasi ya GB 150 na kadi ya picha ya maana. Kwa laptopu yako hiyo, sahau kwa sasa.

Mjomba wangu ameendesha malori ya Tunduma miaka mingi. Alikuja nyumbani nikamwonyesha, nikitegemea atacheka. Akakaa kimya, akatazama kona mbili, akasema: "Mbona huangalii saitimira?"