Muulize Mvuvi: Kuhe wa gatini wameenda wapi?

SWALI: Kaka shikamoo kama umenizidi, kama hujanizidi basi habari za kazi. Mimi ni mtoto wa Bangwe, Kigoma, ila miaka mingi niko Tabora, reli ndo ilinileta na nikaoa huku huku. Utotoni tukitoka shule tunashuka gatini na mshipi, ndoano, na minyoo kwenye kopo, meli ya Liemba ikiwa safarini ndo raha zaidi maana gati lote letu, na jioni hukosi cha kumpelekea mama, siku nyingine unapata kuhe mkubwa mpaka watu wanakuja kushangaa. Juzi nimeenda na kijana wangu nimfundishe, tumekaa kutwa pale pembeni tumeambulia visamaki vya kidole, mtoto ananiangalia kama vile zile stori zangu zote ni kamba. Wazee wanasema wavuvi wa dagaa na taa zao ndo wamemaliza samaki. Sasa mbona Serikali ilifunga Ziwa Tanganyika watu wasivue na kuhe hawajarudi? Nani kawamaliza, na nimpeleke tena mtoto au niachane nayo?
*Mtoto wa Bangwe, Tabora*

JIBU: Marahaba, maana kwa hiyo stori ya kopo la minyoo nahisi nimekuzidi kidogo.

Hao wazee wanachanganya kesi mbili. Dagaa na migebuka ni wa ziwa kuu, wanavuliwa huko mbali usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi za sola. Kuhe wako ni wa pembeni, anaishi na kuzaa kwenye maji ya karibu na ufukwe, kwa hiyo yule jamaa wa dagaa unayeona taa zake zinawaka kule katikati hata hakutani naye sana. Aliyemaliza kuhe yuko karibu zaidi na nchi kavu.

Huyu samaki kwanza umjue. Katika jamii nzima ya kina sato na perege duniani kuhe ni mmoja wa wakubwa kabisa, na yuko Ziwa Tanganyika peke yake. Dume na jike wanatengeneza kiota chini mchangani, wanataga maelfu ya mayai, halafu wanalinda wote wawili, kwanza mayai na baadaye lile kundi la vifaranga linaloelea kama wingu, na watafiti wanaamini wengi wao wanazaa mara moja tu maishani. Sasa pitisha kokoro hapo, ule wavu mrefu unaokokotwa mpaka ufukweni. Linakwangua mchanga wote, kiota, mayai, vifaranga, baba na mama, kwa mvuto mmoja. Kokoro limekatazwa kisheria Tanzania na kila mtu mwaloni analijua hilo, ila linavutwa, na wengine wameshona na chandarua cha mbu kabisa ambacho hakiachi hata kilicho sawa na punje ya mchele. Mimi kwenye hili sina huruma, njaa naielewa ila kuvuna mbegu siielewi.

Halafu kuna tope. Angalia vilima vya nyuma ya ziwa, miti imekatwa na watu wanalima mpaka kwenye mteremko mkali, masika ikianza udongo wote unashuka ziwani, unafunika mawe na ule mwani ambao samaki wadogo wa mawe wanakula, na kuhe anakula hao wadogo, kwa hiyo na yeye anahama au anakufa njaa. Hapo hakuna mvuvi wa kumkamata.

Dagaa nao wamepungua, ila kwa njia yao. Sensa ya mwaka 1995 ilikuta wavuvi kama 45,000 ziwa zima, nchi zote nne, na ya 2011 wakawa kama 95,000, yaani zaidi ya mara mbili kwenye maji yale yale. Juu ya hapo ziwa limepata joto. Tanganyika ina kina cha karibu mita 1,470 na chakula kingi kimekaa huko chini ambako hewa hakuna, kinapandishwa na upepo wa kusi kuanzia Mei mpaka Septemba, sasa maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi na hayataki kuchanganyika na ya chini, kwa hiyo chakula hakipandi vizuri. Utafiti uliotoka 2003 ulilisema hilo, na mwingine wa 2016 uliosoma tope la chini ya ziwa ukaonyesha samaki walianza kupungua hata kabla uvuvi wa kibiashara haujashamiri.

Kufunga ziwa kulikofanyika 2024, tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, mimi naunga mkono, ingawa najua watu walilala njaa. Dagaa anaishi mwaka na kitu tu, ukimpumzisha miezi mitatu anajibu haraka. Kuhe anahitaji miaka, na kokoro likirudi tarehe 16 umerudi pale pale.

Kijana mpeleke, tena mapema asubuhi, kwenye mawe na maji maangavu mbali na midomo ya mito. Uliza BMU wa hapo kwanza, ile kamati ya wavuvi inayosimamia mwalo, utaratibu ukoje. Na mkiona kuhe wawili wamesimama juu ya wingu la vifaranga, toeni ndoano majini. Siku ukipata nauli mfikishe Mahale, hifadhi ile inaingia ziwani kama kilomita 1.6 na kuvua humo marufuku, aone mwenyewe kuwa baba yake hakuwa anapiga kamba.

SWALI: Mwezi ukiwa mkubwa dagaa wanapanda bei hapa Gungu, muuzaji ananiambia wamekimbilia Kongo. Kweli?
*Mama Lishe, Gungu*

JIBU: Dada yangu, dagaa hawana pasipoti kwa hiyo Kongo wanaenda na kurudi wanavyotaka, ila siku za mbalamwezi shida ni taa. Dagaa wanakusanyika kwenye mwanga, sasa mwezi ukiangaza ziwa zima taa ya mvuvi haiwaiti, ndo maana wengi wanapumzika na kushona nyavu. Wewe nunua wakati wa giza, anika mwenyewe kwenye kichanja na sio mchangani, weka akiba ya hizo siku, na huyo muuzaji mwambie umeshajua.