Homa ya Bonde la Ufa: tuchanje sasa hivi?

SWALI: Shikamoo daktari. Nafuga kondoo na mbuzi, wengi wana mimba. Mvua zimezidi, na kwa majirani kondoo wanatupa mimba kwa mkupuo, wana-kondoo wanakufa. Tunahofia homa ya Bonde la Ufa. Tumeamua kuchangishana tununue chanjo, tuchome mifugo yote siku moja, halafu tupulizie dawa mazizini. Inatosha?

JIBU: Marahaba. Naomba msichome kwanza. Virusi vikiwa vimeshaingia kundini, kondoo huwa navyo kwenye damu kabla hata hujamwona akizubaa. Sindano ikitoka kwake ikaingia kwa mwenzake bila kubadilishwa, mtakuwa mmeifanya kazi ya mbu wanaoeneza homa hii, tena haraka zaidi. Halafu kuna hizo mimba. Chanjo ya zamani ya Smithburn, ya virusi hai vilivyopunguzwa makali, inaweza kumtupisha kondoo mimba au akazaa mtoto mwenye kilema. Ya virusi vilivyouawa haina hatari hiyo, ila hutaka kurudiwa, na kinga haiji kesho yake. Wakati wa kuchanja ni kiangazi, au pale wataalamu wa hali ya hewa wanapotabiri mvua zisizo za kawaida. Mvua kubwa za El Niño ndizo zilizotangulia milipuko ya Afrika Mashariki ya 1997–98 na 2006–07.

Kupulizia mazizi kunasaidia kidogo. Mbu aina ya Aedes hutaga kwenye udongo wa mbuga zinazotuama maji. Mayai hukaa pakavu hata miaka, mengine yakiwa na virusi tayari, na mafuriko yakifika huanguliwa. Mbuga nzima hamtaiweza kwa bomba la mgongoni. Hamishieni mifugo mwinukoni na muipake mgongoni dawa ya jamii ya pareto. Asiingie wala kutoka mnyama yeyote, hata kama mnada ni kesho.

Mimba iliyotupwa msiishike mikono mitupu, maana binadamu huambukizwa zaidi kwa damu na majimaji ya mnyama kuliko kwa mbu. Vaeni glavu, funikeni pua, mdomo na macho, mfukie chini sana mbwa wasifukue. Mgonjwa asichinjwe. Maziwa yachemshwe.

Leo hii mwiteni afisa mifugo achukue sampuli za damu. Brusela, ugonjwa mwingine wa mifugo unaoletwa na bakteria, nao hutupisha mimba, na chanjo mnayotaka kuichangia haiigusi.