Taya Langu, Vidole Vyangu na Madaktari Wawili

Msomaji mmoja wa Makete ameniandikia kwamba mfupa wa shavu lake unavimba, na asubuhi za baridi vidole vyake hugeuka rangi. Anauliza kama ni ugonjwa mmoja. Ni maradhi mawili, nami ninayo yote.

Uvimbe wangu wa taya la juu huitwa faibrasi displasia: nafasi ya sehemu ya mfupa wa kawaida hushikwa na nyuzinyuzi na mfupa dhaifu, kutokana na badiliko la jeni ya GNAS linalotokea mimba ikiwa imeshatungwa, hivyo haurithiwi. Si saratani, na ni nadra sana kugeuka kuwa saratani. Shangazi yangu, hata hivyo, alitangaza mbele ya ukoo mzima kwamba nimerogwa, na sijasikia akiyafuta maneno yale hata baada ya daktari kuuchonga mfupa na uso wangu kurudi karibu na ulivyokuwa.

Hali ya vidole aliieleza daktari Mfaransa Maurice Raynaud mwaka 1862: baridi au wasiwasi huikaza mishipa midogo ya damu, vidole vikawa vyeupe, kisha bluu, kisha vyekundu vikiwaka moto. Julai ya Njombe haina huruma na watu kama sisi.

Kinachonisumbua ni pale maradhi haya yanapokutana kwenye dawa. Mfupa ulikuwa umeibana pua yangu, nikaandikiwa vidonge vya kuizibua vyenye sudoefedrini, ambayo nayo hukaza mishipa. Vidole vikawa vyeupe hadi kwenye viungo vya katikati, nikashindwa kufunga vifungo vya shati. Baadaye daktari wa mishipa alinipa nifedipini, dawa ya kulegeza mishipa ambayo pia huweza kuvimbisha fizi; zangu zikavimba, na daktari wa meno akadhani mfupa umeanza kukua tena. Ni mimi, mgonjwa, niliyewakutanisha kwa daftari lenye orodha ya dawa zangu zote, na sioni haya kujivunia hilo.

Kwa hiyo, ndugu yangu, taja dawa zako kwa kila anayekutibu, hata kama hakuuliza. Taja na uvimbe wenyewe, kwa kuwa tiba ya mionzi huongeza hatari ya mfupa huo kugeuka saratani. Vidole kugeuka rangi kukiambatana na maumivu ya viungo au ngozi kukakamaa, omba upimwe lupasi na skleroderma, maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe. Na jicho la upande wenye uvimbe likianza kufifia, usingoje miadi. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.