Wale mabaharia wangehesabu au wangekufa wote?

SWALI: Kaka mhariri, darasani tumebishana mpaka basi kuhusu kesi ya Mignonette ya 1884, mabaharia wa Uingereza meli ilizama wakamchinja kijana mwenzao wakamla. Wanafalsafa Bentham na Kant wangesemaje? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Mdogo wangu, kwa hesabu ya Bentham, anayepima tendo kwa faida ya walio wengi, inaonekana rahisi, afe mmoja wapone watatu, tena Richard Parker, huyo kijana aliyeliwa, alikuwa na miaka 17, yatima, yuko hoi kwa kunywa maji ya bahari, wakati nahodha Dudley ana mke na watoto. Ila hata hesabu hiyo iende mbali kidogo, maana ukiruhusu hivyo, nani mgonjwa atalala usingizi kwenye boti? Kant yeye hahesabu kabisa, mtu si chombo cha kumfikisha mwenzake anakotaka. Mimi hapo niko na Kant, na kinachoniuma zaidi ni kwamba kura haikupigwa na Parker hakuulizwa, alikuwa amelala chini ya boti hajiwezi Dudley akamjia na kisu. Dudley na msaidizi wake Stephens walihukumiwa kifo, baadae wakapunguziwa wakafungwa miezi 6. Sasa mkirudi darasani jiulizeni, angekubali mwenyewe ingekuwaje?